"Pirates ilishinda" au "Maharamia walishinda"?

Swali: Ninatafsiri makala kuhusu besiboli ya zamani ya Marekani. Kuhusu timu ya Pittsburgh nimeandika "Pirates ilishinda", mwenzangu anataka "Maharamia walishinda". Nani yuko sahihi? Na haya tuyaite lakabu au majina ya utani?

Jibu: Wewe. Msikilize mtangazaji wa mpira: "Simba imefungwa." Akisema "Simba amefungwa" tutadhani kuna mnyama kanaswa kambani. Jina la klabu hufuata neno timu lililofichika nyuma yake. Ila mtangazaji huyohuyo akigeuka kidogo husema "Wekundu wa Msimbazi wamefungwa", kwa kuwa sasa anataja watu.

Mwenzako naye hakukosea kuhisi kwamba majina hayo yana maana. Mengi yalibandikwa na magazeti na watazamaji, na yalibadilika kama kanga. Timu ya mji wa Cincinnati ya 1869 iliitwa Red Stockings kwa sababu ya soksi ndefu nyekundu, basi. Kocha wake Harry Wright alipohamia Boston mwaka 1871, akahama na jina. Brooklyn waliwahi kuwa Bridegrooms, mabwana harusi, kwa kuwa wachezaji kadhaa walioa karibu wakati mmoja. Baadaye wakawa Trolley Dodgers: wakwepa tramu, maana tramu za umeme ziliwakimbiza watu wa mji huo barabarani. Chicago ilipoachana na mkongwe wake Cap Anson mwaka 1898, ikaitwa Orphans, mayatima!

Pirates wenyewe walianza na tusi. Baada ya msimu wa 1890, Pittsburgh ilimsajili mchezaji Lou Bierbauer, ambaye Athletics ya Philadelphia ilimhesabu kuwa wake lakini ikasahau kumworodhesha kati ya wachezaji iliowabakisha. Wakapiga kelele kwamba huo ni uharamia. Pittsburgh wakalichukua tusi wakalivaa. Hilo ni jina la utani hasa, kwa sababu lina mtani upande wa pili. Lakabu ni pana zaidi na huweza kuwa ya sifa tupu: "Cy" ya mrushaji Cy Young ni mkato wa Cyclone, yaani kimbunga.

Kwa hiyo lifafanue jina mara moja, "Pirates, yaani maharamia", kisha liache. Msomaji akitafuta timu ya "Maharamia" hataipata. Neno la mwenzako lipe sentensi inayofuata: "Pirates ilishinda. Maharamia hao hawakumrudisha Bierbauer."