Menyu yangu ina vyakula 46, na faida siioni

SWALI: Asalaam aleikum ami. Nina hoteli ndogo Tudor, hapa Mombasa, meza tisa, sasa mwaka wa tatu. Jikoni nina majiko mawili ya gesi na seredani moja ya makaa. Watu wanakuja, Alhamdulillahi, mchana wengine hungoja kiti, lakini nikishalipa kodi ya nyumba, gesi na vijana watatu wa kazi, hakibaki kitu. Menyu yangu ina vyakula 46. Kijana aliyeichora anasema tatizo ni mpangilio: eti chakula chenye faida kiwekwe pembe ya juu kulia, ndiko jicho linakotua kwanza. Nimekuandikia mauzo ya mwezi uliopita ya sahani sita kubwa. Tena nimepata kazi ya walima ya harusi, watu 250, mwezi wa Julai. Mwenye shughuli anataka biriani ya mbuzi, pilau, samaki wa kupaka, mishkaki, sambusa, katlesi, viazi karai, kaimati, na chipsi za watoto. Nimwandikie menyu gani? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Karatasi tutaifikia, lakini tuanzie jikoni. Kila jina uliloliandika kwenye menyu umeahidi kwamba mteja akiliagiza saa saba na nusu mchana, hoteli imejaa, litatoka. Majiko mawili na seredani moja hayawezi kutimiza ahadi 46. Na kila jina lina vitu vyake kwenye friji vinavyongoja mtu aje avitake: nusu pakiti ya tambi, pilipili hoho mbili zimenyauka, kamba walioganda tangu wiki iliyopita. Pesa unayoitafuta mwisho wa mwezi, nyingine imelala humo.

Sasa hesabu zako. Nimeongeza kitu kimoja tu, nacho ni baki: bei ya sahani ukitoa gharama ya vilivyomo ndani yake, hadi ndimu na kachumbari.

Pilau ya ng'ombe: sahani 330, bei 250, baki 130.
Biriani ya kuku: sahani 240, bei 380, baki 170.
Chipsi kuku: sahani 210, bei 350, baki 110.
Wali maharage ya nazi: sahani 100, bei 150, baki 90.
Samaki wa kupaka na wali wa nazi: sahani 80, bei 600, baki 270.
Tambi za nyama: sahani 40, bei 250, baki 100.

Jumla ni sahani 1,000 na baki ya shilingi 141,400, yaani wastani wa shilingi 141 kwa sahani. Njia ya kuzisoma takwimu hizi waliitoa Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, mwaka 1982, na mpaka leo sijaona iliyo rahisi kuishinda. Unauliza maswali mawili. La kwanza: je, sahani inapendwa? Sahani zikiwa sita, kila moja ikipata fungu sawa ingeuza asilimia 16.7. Wao wanakubali asilimia 70 ya fungu hilo, kwa hiyo kwako mpaka ni sahani 117. La pili: je, baki yake inapita wastani wa 141?

Biriani imepita kote kuwili, nayo ni nyota. Pilau na chipsi kuku zinapendwa lakini baki ni ndogo, hizo ni punda: zinabeba hoteli na hazishibi. Samaki wa kupaka ana baki nono na wateja wachache, huyo ni fumbo. Wali maharage na tambi zimeanguka kote, na mizania inasema ni mzigo.

Wengi hapa hukosea kwa kuangalia asilimia. Gharama ya samaki wako inakula asilimia 55 ya bei yake, ya wali maharage asilimia 40 tu, kwa hiyo mtu atakwambia usukume maharage. Lakini mwenye nyumba hapokei asilimia. Sahani moja ya samaki inakuachia sawa na sahani tatu za maharage, na mteja amekalia kiti kimoja.

Tambi zifute leo. Wali maharage usiuguse, ingawa hesabu inasema utoe. Anayekula wali maharage Jumatatu ndiye anayekuja na wenzake wanne siku ya mshahara kula biriani, na maharage hayakusumbui jikoni, yanapikwa mara moja asubuhi. Hesabu inaona sahani, haimwoni mtu.

Pilau usiipandishe bei kwanza. Nenda kasimame nyuma ya anayepakua. Nina hakika anapakua kwa jicho, na jicho la saa sita si la saa nane. Mpe bakuli moja la kipimo, na nyama ikatwe na kuhesabiwa kabla ya kuingia sufuriani. Halafu, chini ya jina la pilau, mstari unaofuata kabisa, andika juisi ya ukwaju ya baridi. Ukiiuza 80 na ikakugharimu 25, robo tu ya walaji wa pilau wakiichukua utapata kama shilingi 4,500. Tambi za mwezi mzima zilikuletea 4,000. Chipsi kuku ni vivyo hivyo: anza na ukubwa wa kipande cha kuku, na mafuta unayamwaga baada ya siku ngapi.

Samaki nilimtafuta kwenye karatasi uliyonitumia, nikamkuta nambari 38, jina lake "Samaki Spesheli". Mtu wa Mombasa hanunui spesheli. Anataka kujua ni samaki gani: changu, tafi, kolekole au nguru. Andika "Changu wa kupaka, wa makaa, kwa tui zito na ukwaju", mweke wa kwanza katika fungu la mchana, na useme wazi kwamba anachukua nusu saa. Mwenye haraka ataagiza pilau, mwenye nafasi atangoja bila kununa. Bei yake usiichape. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na samaki wapo; kusi likianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mashua nyingi ndogo hazithubutu kutoka nje ya mwamba, na bei ya leo si ya kesho. Tundika ubao wa chaki mlangoni, uandike samaki wa siku na bei ya siku. Siku hakuna, ubao ufutwe, kuliko kijana wako kusema "hakuna" meza baada ya meza.

Katika vile vyakula 40 vilivyobaki kwenye menyu, tumia kanuni moja: kila kitu unachonunua kipate kazi angalau tatu. Nazi ina mbaazi, wali, maharage na kupaka. Kuku ana biriani, chipsi na mishkaki. Viazi vya soko la Kongowea vina karai, katlesi na chipsi. Kitu chenye kazi moja tu kitoke pamoja na sahani yake. Ukimaliza nadhani utabaki na kama 16, na asubuhi ya mahamri na mbaazi imo humo humo.

Sasa kijana wako na pembe yake ya kulia. Maneno hayo yamezunguka miaka mingi, lakini mwaka 2012 Sybil Yang wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco alifuatilia macho ya watu wakisoma menyu kwa kifaa cha kupima, akakuta wanaisoma kama kitabu: kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Kwa hiyo pembe isikuumize kichwa. Cha muhimu ni nani anaanza katika kila fungu, kwa sababu mwenye njaa hasomi mpaka mwisho. Bei usizipange safu moja upande wa kulia, jicho litashuka nazo kama ngazi kutafuta ya chini. Ziweke palepale jina linapoishia. Kuhusu alama ya shilingi, jaribio la mwaka 2009 katika mkahawa mmoja wa jimbo la New York lilikuta kwamba wateja walioonyeshwa tarakimu tupu walitumia zaidi kuliko walioona alama ya dola. Ule ni mkahawa mmoja wa kwao, siapi kwamba Tudor itakuwa hivyo. Mimi huandika 250 tupu kwa sababu nyepesi zaidi: Ksh mara kumi na sita ni takataka kwenye karatasi.

Picha weka moja au mbili, za chakula chako mwenyewe, si za kuokota intaneti. Herufi ziwe kubwa, mzee asome bila kuomba miwani ya jirani. Karatasi iwe ya kupanguseka, maana binzari haina adabu. Majina yabaki ya Kiswahili, lakini tangu treni ya SGR ya kutoka Nairobi ianze mwaka 2017 wageni wa bara wa Desemba ni wengi, kwa hiyo chini ya kaimati au viazi karai ongeza maneno matano ya kueleza ni nini. Na penye korosho, karanga, kamba, mayai au maziwa, sema. Kuna watu vitu hivi vinawapeleka hospitali.

Tuje kwenye walima, ambako naona hatari zaidi kuliko hotelini. Vyakula tisa kwa watu 250, na vitatu kati yake vinataka mtu asimame motoni mpaka dakika ya mwisho: samaki, mishkaki na chipsi. Chipsi zikikaa robo saa zimelala. Samaki wa kupaka 250 juu ya makaa, tena Julai, mwanangu, hapana. Mimi mwenyewe niliwahi kuahidi samaki kwa harusi ya Julai. Nilizunguka tangu alfajiri, nikanunua kwa bei iliyokula faida yote, na bado meza za mwisho hazikupata.

Muulize mwenye shughuli: wanaume na wanawake wanakula wakati mmoja au mbalimbali? Kwetu mara nyingi ni mbalimbali, na maana yake ni vituo viwili vya kupakulia na chakula kinachoweza kungoja. Hapo ndipo biriani ya Kiswahili inapoonyesha akili ya waliotutangulia: rojo lake limepikwa mbali na wali, kila kimoja kinasafiri kwenye sufuria yake na vinakutana kwenye sinia. Pilau haihitajiki hapo. Biriani na pilau pamoja ni wali mara mbili, na nyama mara mbili kwako.

Mwandikie hivi: sambusa mbili na katlesi moja kwa mtu wakati wa kungoja, biriani ya mbuzi na kachumbari, kuku wa kupaka kwa meza ya maharusi na wazee, ili hamu ya kupaka ipone bila bahari, kaimati na kahawa. Watoto wapate viazi karai, vinavumilia kuliko chipsi. Kwa sinia za watu watano ni sinia 50. Mimi hupiga kilo moja ya mchele kwa watu sita, yaani kilo 42, nikaongeza kidogo zifike 46, na gramu 200 za mbuzi na mifupa yake kwa mtu, kilo 50. Kachumbari itiwe chumvi na ndimu wakati wa kupakua, mapema itakuwa supu.

Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, na kilichoshuka kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Tui likichacha pua itakwambia, lakini wali hausemi. Una bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huota na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Wali wa wanawake upikwe kwa saa yao, usiwe uliobaki wa wanaume.

Menyu ya shughuli iandike na idadi ndani yake: sambusa 500, katlesi 250, sinia 50. Weka siku ya mwisho ya kubadilisha hesabu ya watu, siku tano kabla, na asaini. Akiongeza watu thelathini usiku wa kuamkia, iwepo bei ya sinia ya ziada imeshaandikwa. Nitumie hiyo karatasi kabla hujampelekea, na ile ya hoteli ukishaipunguza.