Gereji ya Wasomaji: kushusha na kurefusha pikipiki ya spoti nyumbani

SWALI: Mambo vipi fundi. Niko Houston, Texas, nina Suzuki Hayabusa ya 2012 (busa, ile pikipiki ya spoti yenye injini kubwa) na nimezimia kabisa zile busa ndefu zilizolala chini, mwaka juzi nilizikuta nyingi sana kule Atlantic Beach, South Carolina, wikiendi ya Memorial Day, tangu hapo sina raha na yangu. Nimeshanunua ekstensheni za inchi 6 za kufunga kwa bolti kurefusha swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), na dogboni (vyuma vifupi vya kwenye mfumo wa shokomzoba ya nyuma) za kushusha nyuma inchi 2. Gereji ninayo, spana ninazo. Mshkaji ananiambia ni kazi ya masaa mawili tu. Ni kweli? Na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu wa Houston, masaa mawili ni ya kufungua tu, tena kama bolti hazijashika kutu. Mshkaji wako hajakudanganya kuhusu ekstensheni zenyewe, kuzifunga kweli ni fasta, ila ukishazifunga ndio unagundua cheni haifiki, paipu ya breki haifiki, stendi imekuwa ndefu, na pikipiki iko hewani na Jumatatu unatakiwa kazini. Kwa hiyo kabla hujashika spana hakikisha una cheni mpya, paipu ndefu ya breki ya nyuma (ile ya waya wa chuma uliosukwa), stendi fupi ya pembeni au ya kurekebisha, mashine ya kukata na kupiga riveti cheni, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), na manyuo (kitabu cha maelekezo) ya kiwanda ya busa yako, maana vipimo vya kukaza bolti sitaki uvichukue kwangu wala kwa mtu wa YouTube.

Tuanze na cheni kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Busa inatumia cheni ya 530, kutoka pini moja mpaka nyingine ni milimita 15.875. Ukirudisha tairi nyuma inchi 6, yaani kama milimita 152, cheni inaongezeka upande wa juu na upande wa chini pia, kwa hiyo unatafuta milimita 305, gawanya hapo unapata pingili 19 na kidogo. Pingili zinaenda kwa shufwa, basi ni 20, ile kidogo iliyobaki utaimalizia kwenye skrubu za kukazia cheni. Hesabu pingili za cheni yako ya sasa, jumlisha 20, nunua ndefu zaidi ya hapo ukate mwenyewe. Usije ukaunga kipande kipya kwenye cheni ya zamani, ya zamani pini zimeshalika na mpya bado, zitakuwa zinavutana na sproketi ndio zitakazoumia, na bado utakuwa na maungio mawili badala ya moja. Na ungio liwe la riveti, klipu usiitumie kwenye injini ya cc 1340.

Pili, namna ya kuinyanyua. Ile stendi ya nyuma ya kawaida inashika swingamu, na wewe unaenda kufungua dogboni ambazo ndizo zinaizuia swingamu isikunjane, ukichomoa bolti moja tu pikipiki yote inashuka na vidole vyako viko katikati. Busa ina kama kilo 260. Tumia stendi inayoshika kwenye pivoti ya swingamu (pale inapoungana na fremu), au ishikilie kwenye fremu pande zote mbili, na mbele funga mikanda isiyumbe. Najua wapo wanaofunga mkanda kwenye mbao za dari ya gereji, nyumba za Marekani zile mbao zimewekwa kubeba paa, usizijaribu kwa pikipiki.

Dogboni zikitoka, beringi za pale zisafishe uzipake grisi kabla ya kufunga mpya, kwa sababu sehemu ile inakula maji na mchanga na hakuna anayeikumbuka. Halafu shokomzoba iwe imetoka, usiirudishe kwanza. Shika gurudumu kwa mkono ulipandishe taratibu mpaka juu kabisa pale litakapofika siku ukiingia shimoni na abiria, uangalie linagusa nini. Busa nyingi zilizoshushwa tairi linalamba plastiki ya chini ya siti au bolti za kibao cha namba, na mwenye pikipiki anakuja kujua siku harufu ya mpira ikishaanza. Kama linagusa, hakuna ujanja, kata plastiki au punguza kushusha.

Mbele unashusha kwa kuzipandisha foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) kwenye klampu zake, legeza upande mmoja, sogeza, kaza kidogo, nenda upande wa pili. Pima kwa kaliper ya vipimo kutoka juu ya klampu hadi ncha ya foku, kushoto na kulia ziwe sawa kabisa, tofauti ya milimita moja nayo irekebishe. Kisha kandamiza mbele kwa mikanda mpaka foku ziishe, uangalie madigadi isiguse rejeta wala feringi (plastiki za kufunika pikipiki). Mikanda hiyo uitoe! Kuna vijana wanaiacha mbele imefungwa chini kama za mashindano halafu wanaingia nayo barabara kuu, hapo mbele haina tena springi, shimo la kwanza tu gurudumu linaruka na usukani haukusikii.

Ukishusha nyuma bila mbele usukani unakuwa mzito na mvivu, ukishusha mbele tu unakuwa na wasiwasi unatikisika kwenye spidi, kwa hiyo zishushe zote mbili kwa kukaribiana halafu usikie mwenyewe polepole kabla ya kufungua gesi.

Sasa hili la springi, wauzaji hawalisemi. Swingamu ikirefuka, gurudumu linapata wenzo mrefu zaidi dhidi ya shokomzoba ileile. Chukua mfano tu, mkono wa sentimita 60 ukawa 75, ugumu unaousikia pale tairini unabaki kama asilimia 64 ya ule wa mwanzo, kwa sababu unapungua kwa mraba. Na wewe hapohapo umeshapunguza nafasi ya tairi kupanda. Springi laini na nafasi ndogo, ndio maana hizi pikipiki zinagonga chini kila tuta. Tafuta springi ngumu zaidi ya nyuma inayolingana na uzito wako, hiyo ihesabu ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Breki: paipu mpya ukishaifunga shusha gurudumu mpaka chini kabisa uone haivutiki, toa hewa kwa mafuta ya breki ya DOT 4, na ile bracketi ya kaliper ya breki hakikisha ina kitu cha kuizuia isizunguke na gurudumu, kuna seti za ekstensheni zinakuja na kizuizi chake na kuna ambazo hazina, fungua boksi uangalie leo. Yako ni ya 2012, waya wa sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia breki zisifunge gurudumu) hauna, ila wenye za 2013 kwenda mbele watanunua waya wa kurefushia, msiukate na kuunga kwa selotepu.

Kupanga gurudumu usiamini alama za kwenye ekstensheni. Pima kutoka katikati ya pivoti mpaka katikati ya ekseli, kulia na kushoto, halafu vuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Ulegevu wa cheni uupime pale pivoti, ekseli na sproketi ya mbele zinapokuwa kwenye mstari mmoja, hapo ndipo cheni inabana zaidi kuliko popote.

Mwisho stendi. Ukishashusha inchi 2 stendi ya zamani inaisimamisha pikipiki wima, upepo wa lori tu unailaza upande wa pili. Usiiweke chini hata dakika moja kabla hujabadilisha.

Ukiniuliza mimi, kwa pikipiki unayoendea kazini ningebaki na inchi 4 za urefu na inchi 1 ya kushuka. Inchi 6 na 2 ni za kwenye dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu) na parkingi. Na kampuni ya bima yako uiambie kabla, sio baada ya ajali.

SWALI: Fundi, niko Mombasa, GSX-R750. Ekstensheni za kuagiza ni ghali mno, kuna welda hapa jua kali anasema atanikatia swingamu aongeze kipande kwa pesa kidogo. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Swingamu ya GSX-R ni alumini, na ile alumini imepata nguvu yake kwa kupikwa kwa joto la kipimo kiwandani. Ukiichomelea, ile sehemu ya pembeni ya weldi inarudi kuwa laini, kwa macho huoni kitu, imeng'aa na weldi imelala vizuri, lakini nguvu imeondoka. Wanaofanya kazi hii kwa uhakika wanachomelea kwa TIG (weldi ya umeme na gesi) swingamu ikiwa imefungwa kwenye jigi (fremu ya kuibana) isipinde, wanaweka vipande vya kuimarisha, halafu wanaipika tena. Yule welda wako ni hodari wa mageti na sina ubaya naye, ila hana tanuri. Na ekstensheni feki za chuma kisichojulikana nazo ziogope vilevile. Kama pesa haijatosha, acha urefu, fanya springi na matairi kwanza.

Halafu fikiria na matuta ya kwetu. Pikipiki ndefu tumbo lake linakaa mbali na magurudumu yote mawili, tuta linapita katikati na kukutana na eksozi. Ukiirefusha na kuishusha kwa pamoja umelipa tuta nafasi mara mbili.

SWALI: Habari fundi, mimi ni dada niko Dar, nimenunua Ninja 400 na mimi ni mfupi, miguu inagusa kwa vidole tu. Sitaki mambo ya kurefusha, nataka nifike chini. Nishushe kiasi gani?

JIBU: Hongera dada. Siti ya Ninja 400 iko milimita 785 kwa kiwanda, sio juu sana, kwa hiyo usikimbilie dogboni. Kwanza pima inashuka kiasi gani ukikaa juu na vifaa vyako vyote, mtu mwingine akupimie nyuma, kutoka ekseli hadi alama kwenye plastiki, ikiwa hewani halafu ukiwa umekaa. Ikiwa ni chini ya milimita 30 springi imebanwa sana kwa uzito wako, ilegeze na utapata sentimita bila kununua kitu. Pili, peleka siti kwa fundi wa makochi apunguze sponji, zaidi pale mbele kwenye kona za mapaja, maana upana ndio unaoiba urefu wa mguu. Tatu, buti zenye soli nene. Baada ya hapo kama bado, shusha milimita 25, nyuma na mbele pamoja, na stendi ikatwe kulingana. Zaidi ya hapo kwenye kona utaanza kukwaruza pedali za miguu mapema, na wewe bado unajifunza.

SWALI: Salamu kutoka Muscat. Tunabishana hapa, mwenzangu anasema kurefusha kunaongeza spidi ya mwisho. Mimi nasema hapana. Tuamulie.

JIBU: Umeshinda wewe, mwenzako anunue chai. Urefu hauongezi farasi hata mmoja. Busa ya 1999 ilikuwa inakaribia kilomita 312 kwa saa ikiwa fupi, baadaye watengenezaji wakakubaliana kuzifunga kwenye 299. Kazi ya urefu ni mwanzoni, gurudumu la mbele lisinyanyuke ili ufungue gesi zaidi kwenye zile mita 18 za kwanza za dragi ya mita 402, faida inapatikana hapo.

Lakini mwambie pia kuna gharama. Tuseme uzito umegawanyika nusu kwa nusu kwenye busa ya sentimita 148, ukirudisha gurudumu la nyuma sentimita 15, nyuma inabaki na asilimia 45 tu. Tairi la nyuma limepunguziwa mzigo, kwa hiyo badala ya pikipiki kunyanyuka mbele, sasa tairi hilo linazunguka bure. Lami ikiwa na mchanga, na Oman mchanga haukosekani, hiyo ndefu itaachwa na fupi inayoendeshwa na mtu anayejua klachi yake.