Nguruwe anazaa watoto wachache? Angalia damu kabla hujalaumu pumba

Wafugaji wenzangu, karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza mbona nguruwe wangu anazaa watano sita tu, na akili yake yote iko kwenye chakula. Chakula kina nafasi yake tena kubwa, lakini mi huwa naanza na swali moja, dume umemtoa wapi?

Nauliza hivyo mana yalinikuta. Nilianza huku Mbozi na majike matatu wazuri sana, walikuwa wananizalia 10, 11, nikabakiza dume mmoja aliyezaliwa humohumo bandani mana alikuwa na umbo zuri na kununua dume mwingine niliona ni kupoteza hela, basi akapanda dada zake, baadae akapanda mpaka mabinti zake mwenyewe. Uzao ukashuka 8, ukaja 6, na alfajiri moja nakuta jike kazaa watano, wawili wameshakufa, mmoja mdogo kama kiganja anatetemeka kwenye majani hata nguvu ya kufika kwenye chuchu hana. Nikafungua daftari, nikafuata majina kwa kidole, kila mstari baba ni yuleyule. Damu moja, yani ndugu kupandana kwa ndugu, ndo inafanya hivyo, vijusi vingine vinafia tumboni mapema na wewe unachoona ni uzao mdogo tu.

Sasa mjue kitu, idadi ya watoto inarithiwa kidogo sana, tofauti kati ya jike na jike ni kama asilimia 10 tu ndo inatokana na urithi, iliyobaki ni lishe, umri, magonjwa na kupandisha kwa wakati. Kwahiyo usikimbilie mtamba (jike ambaye hajazaa bado) kisa mama yake alizaa 14 siku moja, uliza mara tatu nne alizozaa, na uzao wa kwanza usimhukumu nao mana kawaida huwa mdogo.

Panapolipa haraka ni kuchanganya mbegu, yani aina tofauti za nguruwe. Jike chotara wa Large White na Landrace anazaa vizuri na analea vizuri, mi sasa hivi sifugi jike mwingine. Duroc ni wa nyama, mpandishe upate watoto wa kuchinja, mitamba usibakize.

Na dume msimdharau. Mayai ni ya jike, kwahiyo dume mwenye afya na asiye ndugu hawezi kukuongezea watoto sana kwenye uzao anaopandisha leo, ila mabinti zake wanabeba damu ya bibi yao, ndo mana mi siondoki kwa muuzaji bila kujua mama wa dume alikuwa anazaa ngapi. Halafu inama uhesabu chuchu, 14, saba huku saba huku, zisiwe bubu (zisizotoa maziwa), hizo zinarithiwa kwa nguvu kuliko hata idadi ya watoto, na dume naye mhesabu.

Yule dume wangu nilimuuza kwa nyama nikaleta damu nyingine kutoka mbali. Mtamba wa kwanza wa damu hiyo alizaa 9, mara ya pili 12, na wote 12 walipata chuchu.