Diski zimekwisha? Nani kazipima?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu breki za mbele za magari madogo yaliyokula chumvi: Vitz, IST, Starlet, Probox. Na karibu zote zina sentensi ileile: "Fundi kaniambia diski zimekwisha." Mimi huuliza tu, alipima kwa kifaa gani? Wengi hujibu kwamba alipitisha kidole. Diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, na pedi ndizo zinazoibana gari lisimame. Haya, tuanze.

Fundi, habari za kazi. Vitz yangu ni ya 2002. Nikiwa kilomita 80 kwa saa nikakanyaga breki, usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Diski nilibadilisha miezi minne tu iliyopita. Niliuziwa feki? (Msomaji, Kibaha)

Njema, kaka. Feki zipo, lakini usimlaani muuza spea mapema. Hiyo miezi minne ndiyo inayonifanya nimtilie shaka aliyezifunga.

Watu husema diski "imepinda kwa joto". Mara nyingi haijapinda, ila unene wake hauko sawa mzunguko mzima, na kisa huanzia nyuma yake, kwenye habu, kile kitovu ambacho diski na tairi hufungwa. Fundi anaing'oa diski ya zamani kwa nyundo, anaipachika mpya juu ya kutu ileile, anafunga tairi, anadai chake. Ukoko mdogo kama chembe ya mchanga unatosha kuifanya diski ikae mshazari. Kwa magari ya aina hii, diski ikiyumba zaidi ya takriban milimita 0.05 ni tatizo, na hiyo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari! Siku ya kwanza husikii kitu. Lakini kila tairi linapozunguka, sehemu iliyojitokeza inaigusa pedi hata kama hujakanyaga breki. Inaliwa kidogo kidogo, na baada ya maelfu ya kilomita sehemu hiyo imekuwa nyembamba kuliko nyingine. Hapo ndipo usukani unapoanza kucheza.

Kwa hiyo diski zitolewe, habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na mgongo wa diski nao usafishwe. Zirudishwe, zikazwe kwa nati zake, kisha zipimwe kwa geji ya mshale, inayoonyesha diski inavyoyumba ikizungushwa. Zikiwa zimeshaliwa vibaya, zitachongwa au zitabadilishwa, na safari hii zitadumu. Halafu nati za tairi zikazwe kwa kuvuka, ya huku kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Kipimo cha Vitz ni Newton mita 103. Yule kijana anayesimama juu ya spana kwa miguu miwili anakutafutia mtetemo mwingine.

Ukisikia mtetemo kwenye kiti zaidi ya usukani, acha mbele, kafungue dramu za nyuma.

Gari nililiacha Unguja wiki tatu. Nimerudi diski zote zina rangi ya matofali. Nimwite fundi? (Msomaji, Mjini Magharibi)

Hapana. Diski ni chuma cha kusubu kisichopakwa rangi pale pedi inapogusa, na hewa ya bahari haina subira. Endesha polepole, kanyaga breki mara kumi hivi mahali patupu, kutu itafutika. Ikibaki na vishimo unavyovihisi kwa ukucha, au mkanda wa kutu usioondoka baada ya siku mbili tatu, ndipo uipeleke gereji.

Shikamoo fundi. Gereji wananiambia nichonge diski, ni rahisi kuliko kununua. Dukani wananiambia kuchonga ni kuua breki. Nani mkweli? (Mwanafunzi wa ufundi, Mbeya)

Marahaba, mwanangu. Kila mmoja anatetea mfuko wake. Mkweli ni diski yenyewe, maana imeandikwa.

Tafuta ukingoni, au kwenye sehemu iliyoinuka katikati, maandishi MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho ambao kiwanda kinauruhusu. Kwa magari madogo, tofauti kati ya diski mpya na ya kutupwa huwa kama milimita 2 tu. Tuseme mpya ni 22 na mwisho ni 20. Yako ikipimwa 20.6, na fundi wa kuchonga vyuma akahitaji kutoa 0.3 kila upande ili uso unyooke, imebaki 20.0 kamili. Umelipia kazi ya diski ambayo safari moja ya Tanga itaitia kwenye pipa la chuma chakavu. Ikiwa 21.5, chonga kwa amani, zote mbili za mbele na si moja.

Kwa nini unene? Diski ni ghala la joto. Gari la tani moja likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zimemeza joto linalotosha kuchemsha lita moja ya maji ya bomba, na za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Diski nyembamba haina pa kuliweka joto hilo. Inapata moto haraka, inapasuka nyufa, na pedi zinaanza kuteleza.

Sasa mtego wa kupima. Pedi haifiki mpaka ukingoni, kwa hiyo diski iliyotumika huwa na mdomo uliobaki na unene wa zamani. Ukibana venia, ile rula ya taya mbili ya kupimia unene, juu ya mdomo huo, unapima diski ilipokuwa mpya! Kama huna maikromita, chukua sarafu mbili zinazolingana, zipime kwanza. Weka moja kila upande ndani ya mdomo, bana zote kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Rudia sehemu sita au nane za mzunguko. Ukiona namba zinapishana, umempata mchawi wa mtetemo.

Mimi nina Probox ya kazi. Pedi za kushoto zimeisha hadi chuma, za kulia bado nzito. Makanika alinibadilishia diski ya kushoto, na miezi michache baadaye yamekuwa yale yale. (Msomaji, Mombasa)

Diski ni mhanga hapo, bwana. Kalipa ya kushoto, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, haiachii. Inatakiwa iteleze juu ya pini mbili. Pini zikikauka, au mpira wa pistoni ukichanika na maji yakaingia, pedi inabaki imeikumbatia diski mchana kutwa. Ukimaliza safari, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Ya kushoto itakuwa inafukuta. Pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki ya silikoni. Ile grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira, na pini zinakwama tena. Kama pistoni ina kutu, nunua kalipa, au pistoni mpya na seti yake ya mipira. Na diski zibadilishwe pande zote mbili pamoja na pedi, la sivyo gari litavuta upande siku ya mvua.

Diski za mtumba kutoka Japani, ninunue? (Msomaji, Ilala)

Ukienda na venia, sawa. Bila venia, nunua mpya. Vyovyote vile, beba namba ya chasi na diski yako ya zamani. Vitz mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na diski zenye kipenyo tofauti.

Nikishuka mlima Kitonga breki zinanuka, kanyagio linakuwa laini kama godoro. Diski ni mpya kabisa. (Dereva, Iringa)

Mpya au za zamani, huwezi kuushuka Kitonga kwa kanyagio peke yake. Ondoa D, weka 2 au L, injini ikushikilie. Kwenye CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, tafuta S au B. Kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, kanyaga tena.

Ulaini huo mara nyingi ni mafuta ya breki yaliyochemka. DOT 3, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye kifuniko cha Toyota nyingi za umri huu, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu inashuka mpaka kama 140, na mvuke ukiingia kwenye bomba unakanyaga hewa. Yabadilishe kila miaka miwili. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa.

Nataka kufunga diski mwenyewe nyumbani. Nisisahau nini? (Mama wa IST, Dodoma)

Hongera dada. Stendi chini ya gari, si jeki peke yake. Diski ikigoma, usipige nyundo: ina matundu mawili madogo yenye uzi, ingiza bolti za milimita 8 zenye uzi wa 1.25, zikaze kwa zamu, itatoka yenyewe. Kalipa usiiache ining'inie kwa bomba lake, ifunge kwa waya. Diski mpya imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo ioshe kwa sabuni na maji, uikaushe. Unaporudisha pistoni, chungulia kopo la mafuta ya breki lisifurike, maana yanakula rangi ya gari.

Na kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu. Mimi nilisahau mara moja, mwaka wangu wa tatu wa ufundi. Nilirudi nyuma kwa madaha, nikakanyaga, mguu ukagota sakafuni, pipa la maji la gereji likaenda. Bosi alinikata mshahara wa wiki.

Kisha tafuta barabara tulivu, pedi na diski zizoeane. Punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara nane au kumi bila kusimama kabisa, ukiacha zipoe kila baada ya mara moja. Kilomita 200 za mwanzo usikanyage kwa ghafla, ila mtoto akikatiza.