Bi Maktaba anajibu: Mary hakudekezwa

*Shikamoo Bi Maktaba. Binti yangu yuko darasa la sita, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Morogoro. Wamepewa kusoma The Secret Garden, riwaya ya Frances Hodgson Burnett. Alipofika sura ya tano akakitupa kitabu kitandani. Anasema hamtaki huyo Mary: kwanza ni mtoto wa geti kali, pili ana dharau, tatu ana miaka kumi hajui hata kuvaa viatu. Mwalimu aliwaambia waandike ukurasa mzima wa kumwelezea Mary, yeye kaandika mstari mmoja tu: "Mary ni mtoto aliyedekezwa." Daftari limerudi na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Nimsaidieje? Kusema kweli hata mimi nimekipitia harakaharaka na mtoto yule sikumpenda. (Kilichonichekesha ni kwamba maneno hayo ya viatu aliyasema asubuhi, dada akiwa amepiga magoti anamfunga kamba za viatu vya shule.)*
*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Mwambie binti yako asione haya, kwa sababu mwandishi mwenyewe hampendi Mary. Riwaya ile iliyotoka mwaka 1911 inafunguka kwa kumsengenya: uso mwembamba wa manjano, nywele chache, sura ya kununa. Burnett anatutaka tumchukie kwanza. Kwa hiyo kukitupa kitabu kitandani kwenye sura ya tano ni kusoma vizuri kabisa, mradi kisibaki huko kitandani.

Ila alama ile ya kuuliza, mwalimu kaiweka mahali pake. Kasoro iko kwenye neno "aliyedekezwa".

Sisi tunajua mtoto anayedeka. Akianguka uwanjani hana hata mchubuko, atageuza shingo kwanza aone kama mama au bibi yuko karibu. Yupo? Ndipo analia. Hayupo, anajifuta vumbi na kuendelea kucheza. Kudeka kunataka mtu wa kumdekea. Sasa rudini sura ya kwanza, wewe na yeye, mumtafute mtu huyo kwenye maisha ya Mary kule India. Baba ana kazi za serikali ya Kiingereza na afya mbovu. Mama ni mrembo wa kwenda kwenye sherehe, hakutaka mtoto tangu mwanzo. Siku aliyozaliwa akamkabidhi kwa yaya, na yaya akaelewa kwamba akitaka kumfurahisha Memsahibu, yaani bibi wa nyumba, basi mtoto asionekane. Watumishi walimpa Mary kila alichotaka kwa kuwa kilio chake kingemsumbua mama. Mtoto huyo alikuwa ananyamazishwa tu. Kunyamazishwa na kudekezwa kwa mbali vinafanana, maana vyote viwili vinampa mtoto pipi. (Siku hizi vinampa simu ya mama.)

Kama binti yako anataka ushahidi, upo kwenye kurasa za kipindupindu. Yaya anaugua usiku na kufa, nyumba nzima inachanganyikiwa, na Mary anajifungia chumbani mwake. Anatoka mara moja kwenda chumba cha kulia chakula, anakuta sahani zimeachwa kama watu wameinuka kwa ghafula, anakula kidogo, anakunywa divai iliyobaki kwenye bilauri kwa sababu ana kiu, anarudi kulala. Akiamka, nyumba iko kimya. Nyoka mdogo anapita sakafuni, anapenya chini ya mlango, naye anamtazama tu. Baadaye maofisa wawili wanaingia na kumkuta amesimama katikati ya chumba, amekunja uso. Wazazi wamekufa, watumishi waliosalia wamekimbia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba nyumba ile ina mtoto. Yeye analalamika kwa nini hakuna anayekuja. Mtoto aliyedekezwa hasahauliwi ndani ya nyumba, mwanangu. Watu wangekimbia naye mgongoni.

Hata hilo la geti kali nalitilia shaka. Mwenye geti kali ana mtu anayelifunga kwa sababu anamhofia. Nilimfundisha mmoja miaka hiyo, darasa la nne, shule siitaji. Aliletwa na gari, akafuatwa na gari. Wakati wa mapumziko siku moja wenzake walimpa chungwa. Akalishika kwa mikono miwili, akalitazama, akasubiri. Alikuwa hajawahi kuona chungwa lenye ganda ambalo si la kupambia meza. Nyumbani kwao lilikuja limekwisha menywa, limekatwa vipande. Wenzake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Lakini alasiri mama yake alipokuja, mtoto yule alikimbia toka darasani hadi kwenye gari, mkoba unampiga kisogoni, amsimulie habari ya chungwa. Anaye wa kumsimulia! Mary angerudi na chungwa lake angemsimulia nani?

Bibi yangu alikuwa mtu wa Pangani, na alipovunja ungo aliwekwa ndani kama wari wenzake wa wakati ule. Alitusimulia giza la chumba, liwa, na kuchoka kukaa. Lakini kila hadithi yake ya ndani ilikuwa na kungwi: kungwi kasema hivi, kungwi kaimba vile, kungwi kanifinya. Mwari hafungiwi bila kungwi. Mary amefungiwa miaka tisa na hakuna aliyemfunda lolote, ndiyo maana anafika Uingereza hajui kushukuru, hajui kucheza, hajui kwamba watu wengine nao wana mama zao.

Basi tuje kwenye viatu. Mary analetwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye jumba la mjomba wake, vyumba karibu mia na vingi vimefungwa, nje ni nyika tupu na upepo. Asubuhi ya kwanza anamkuta Martha, msichana wa kazi, anawasha moto chumbani. Mary anasimama asubiri kuvishwa. Martha anashangaa, na Mary anaponyosha mguu avalishwe, anamuuliza kwa nini havai viatu vyake mwenyewe. Mary anajibu kwamba ndivyo desturi ilivyo. Mtoto huyu hasemi "sitaki" wala "wewe ndiye mtumishi". Anasema desturi, kama mtu anayeeleza kwamba jua huchomoza mashariki. Hakuna siku aliyoona mkono wake mwenyewe ukifunga kifungo. Binti yako ameona uvivu pale. Amwambie mwalimu kwamba ni ujinga, kwa maana ya zamani ya neno hilo, ya kutojua.

Ukurasa huohuo una jambo baya zaidi, na msilikwepe. Martha anasema alidhani Mary atakuwa mweusi kwa kuwa ametoka India, na Mary anapandwa na hasira, anamtukana mtoto wa nguruwe, anasema wenyeji si watu, ni watumishi wanaopaswa kukuinamia. Binti yako akikunja uso hapo, mwache aukunje. Mary alifundishwa dharau hiyo na nyumba aliyokulia, na Burnett mwenyewe hakuwa ameivua yote. Kitabu kizima kinaamini kwamba joto la India ndilo lililomgeuza mtoto manjano na upepo wa Yorkshire ndio uliompa damu mashavuni. Mimi nimezaliwa Tanga, nimezeeka Tanga, kwenye joto la Februari, na mashavu yangu hayajawahi kulalamika. Mwandikie hivyo mwalimu ukipenda. Yaya aliyemlea tangu siku ya kwanza anakufa, na kitabu kinasema wazi kwamba Mary hakulia. Mimi kila nikisoma huwa nasimama pale kidogo kwa ajili ya yule yaya.

Sasa, anabadilikaje? Watu wengi husema bustani, ile ya siri ya kwenye jina la kitabu. Bustani inakuja baadaye. Kwanza anakuja mzee Ben Weatherstaff, mtunza bustani, anayemwambia kwamba wao wawili wamefumwa kwa uzi mmoja: wote sura mbaya, wote wamenuna, na bila shaka wote wana hasira mbaya. Mary anapigwa na butwaa. Watumishi wa India walikuwa wanampigia saluti na kuinama. Hakuna aliyewahi kumwambia jinsi alivyo. Mwambie binti yako aweke alama hapo. Kwa mara ya kwanza Mary anajiuliza kama kweli anaonekana hivyo, na mtu anayejiuliza hivyo tayari ametoka nje ya geti.

Halafu inakuja kamba, na hapa ndipo naomba msome polepole. Ni sura ya nane. Martha ana siku moja ya mapumziko kwa mwezi. Anakwenda kwao nyikani, kwenye kibanda chenye watoto 12 na baba anayelipwa shilingi 16 kwa wiki. Anampa mama mshahara wake. Mama ana matundu manne ya kuziba kwa kila senti, lakini kasikia habari za mtoto mpweke wa kwenye jumba. Anatoa peni mbili kwenye mshahara uleule, ananunua kamba ya kuruka kwa mchuuzi aliyepita mlangoni. Martha anarudi nayo. Mary anaitazama, hajui ni kitu gani. Anauliza ni ya nini! Martha anakwenda katikati ya chumba, anaruka mpaka mia moja, na picha za mababu ukutani nadhani zilishangaa.

Mary anaichukua, anafika mlangoni, anageuka. Kuna kitu kinamsumbua. Kamba imenunuliwa kwa mshahara wa Martha. Peni mbili zile zilikuwa zake. Anasema asante, kwa ukavu, maana ulimi haujazoea, halafu anamnyoshea Martha mkono kama mwenyekiti wa kikao, kwa kuwa hajui kingine cha kufanya. Martha anacheka. Anamwambia angekuwa mdogo wake wa nyumbani angembusu. Mary anazidi kukauka, anauliza kama anataka abusiwe. La, anasema Martha, nenda kacheze.

Ukurasa mzima wa mwalimu unaweza kuandikwa juu ya mkono ule ulionyoshwa, na bustani isitajwe.

Jambo moja zaidi kwa mwandishi wetu wa mstari mmoja. Akirudi mwanzo atamkuta Mary, asubuhi ileile yaya anapokufa, amekaa chini ya mti anachomeka maua mekundu ya haibiskasi kwenye vichuguu vya udongo, anajifanya analima. Anafanya hivyo tena kwa mchungaji aliyemhifadhi, na watoto wa pale wanamtania kwa wimbo. Maua yasiyo na mizizi, yatanyauka kabla ya chakula cha mchana. Kisha, sura ya 12, mjomba anamuuliza anataka nini: midoli, vitabu? Anaomba kipande cha ardhi. Jumba zima, na yeye anataka udongo. Kiu ile ilikuwepo tangu India, kabla ya Yorkshire na upepo wake, na binti yako anaweza kumkosoa Burnett kwa kutumia kitabu cha Burnett mwenyewe.

Mkifika theluthi ya mwisho msishangae Mary akipotea. Binamu yake Colin, naye wa kufungiwa chumbani, anachukua jukwaa, na anayekimbia kwenye ukurasa wa ushindi ni yeye. Mary ndiye aliyeipata bustani, ndiye aliyemfokea Colin hadi akaacha kujililia, halafu anawekwa pembeni. Hapo Burnett aliniudhi na bado ananiudhi.

Kuhusu lahaja: Martha na ndugu yake Dickon wanaongea Kiyorkshire, na mtoto aliyesoma Kiingereza cha darasani atakwama kama mtu wa Dodoma aliyetupwa Pemba. Msisome kwa macho. Someni kwa sauti, mtaelewa nusu, na nusu inatosha. Mary mwenyewe anajifunza kukiongea baadaye, kwa kujivunia.

Nimeacha mabano yako hadi mwisho kama ulivyoyaacha wewe. Usimwambie binti yako neno kuhusu kamba za viatu. Akisemwa atabisha, na utakuwa umemharibia kitabu. Fanya hivi. Jioni moja someni sura ya nne kwa sauti, dada akiwepo, kazi zikiwa zimesimama. Mpe dada nafasi ya Martha, umtafsirie kwa Kiswahili anachotakiwa kusema. Kama ni dada kama hawa ninaowajua, ataongeza maneno yake mwenyewe pale kwenye viatu. Wewe nyamaza, umwangalie binti yako.

Halafu, kwa siri yetu sisi wawili, uniandikie: dada wako ana siku ngapi za mapumziko kwa mwezi?