Ukitaka Leseni ya Chaneli ya Runinga ukiwa Amu, Anza na Mnara

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: chaneli ya runinga inapatikanaje? Mmoja anataka chaneli ya uvuvi, mwengine ya mashairi na ngoma, mwengine ya darsa tupu asubuhi hadi usiku. Wananijia mimi kwa sababu nilikaa na kikundi cha vijana na wazee wa hapa Amu (Lamu) kuandaa maombi ya runinga ya jamii, chaneli ya mambo ya bahari na turathi za visiwa vyetu, na makaratasi mengi yalipita mkononi mwangu. Jawabu langu huwaudhi. Huwaambia leseni waiache ikae kwanza. Watafute mnara utakaowabeba, wajaze kabati la vipindi, halafu ndio wakachukue fomu.

Sababu yake ni hii. Enzi za analojia, mwenye kituo alipewa masafa yake, akasimamisha mlingoti wake, akarusha. Mambo yaligeuka mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Kenya mwanzoni mwa 2015 ili kuhamia dijitali, kuiwahi tarehe ya mwisho ya kimataifa ya 17 Juni mwaka huo. Wengi mnakumbuka vituo vya NTV, Citizen na KTN vilivyotoweka karibu wiki tatu kwa sababu ya mvutano kuhusu kuhama huko. Tangu hapo kazi zimegawanywa mbili: kuna anayetoa maudhui na kuna anayesambaza mawimbi. Wasambazaji wenyewe wanahesabika kwa vidole: Signet ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, PANG iliyo ya Wachina, na ADN iliyoundwa na mashirika makubwa ya habari ya humu nchini. Masafa yaliyokuwa yakibeba kituo kimoja sasa yanabeba zaidi ya kumi. Ni kama mashua ya abiria ya Mokowe: chombo si chako, nahodha si wako, wewe unalipia pahali pa kukaa.

Kwa hivyo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hiyo tunayoiita CA, ikikupa leseni, imekupa ruhusa ya kutangaza. Haijakupa mnara. Nimeona watu wakishangilia barua ya kukubaliwa, kisha wakatoka jasho walipotajiwa bei ya kubebwa kwa mwezi. Muulize msambazaji mapema, tena kwa maandishi: mitambo yenu inafika Amu mjini? Inafika Faza na Kizingitini? Mnatoza vipi, kwa mwezi au kwa mwaka? Usikubali ramani yenye rangi peke yake. Sisi tulichukua runinga ndogo, king'amuzi na antena, tukazunguka vijijini kwa mashua. Pengine picha ilikaa imetulia, pengine ilikatika vipande vipande, na kuna mahali haikuja kabisa ilhali ramani ilisema ipo. Safari ile ilitufunza pia kwamba nyumba nyingi zinatazama kwa dishi, si kwa antena. Sasa hebu fikiri: unalipia mnara wa nchi kavu kumfikia mtu ambaye antena hana. Hesabu kama hiyo hufanywa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Ukishajua utafika vipi, chagua aina ya leseni. Sheria kuu ni ile ya Habari na Mawasiliano ya 1998, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, pamoja na kanuni za utangazaji za 2009. Kuna runinga ya biashara isiyolipiwa na mtazamaji, kuna ya jamii, kuna ya kulipia. Usitafute kisanduku cha chaneli ya bahari au chaneli ya turathi. Umaalumu wako utaonekana kwenye ratiba ya vipindi utakayoambatisha. Ratiba hiyo ndiyo sura yako mbele ya wapitiaji, na ukiandika “burudani na elimu” kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, hujawaambia kitu.

Runinga ya jamii inavutia kwa kuwa inaonekana rahisi, lakini ina masharti yake. Lazima imilikiwe na chombo kisichotafuta faida, ihudumie jamii inayojulikana, na watu wa jamii hiyo washirikishwe kuchagua na kutengeneza vipindi. Pesa zinaweza kutoka kwa michango, ufadhili, matangazo au ada za wanachama. Hapo kwenye kushirikishwa ndipo pa kutia bidii. Fanyeni vikao, tena vya kweli, mitaa ya Mkomani na Langoni, kisha mwende Matondoni, na mvuke hadi Siyu. Andikeni kumbukumbu, watu watie saini, na akina mama waitwe kikao chao wenyewe wasiwe wa kukaa nyuma na kuitikia. Kikao cha akina mama ndicho kilichobadilisha ratiba yetu kuliko vyote. Tulikuwa tumejaza harusi tele, maana harusi za Amu ni vipindi vitamu. Wakatuuliza: mtaingia wapi na kamera, na kina nani watatazama? Shughuli za ndani ni za wanawake, watu wamevua mabuibui, wamejipamba. Ziliondolewa zote. Pakabaki yale ambayo familia zimeridhia, na mahojiano na wapambaji wenyewe kuhusu kazi yao. Kipindi hicho cha wapambaji hadi leo ndicho kinachopendwa zaidi.

Sasa siasa. Sheria inasema wazi chama cha kisiasa hakiwezi kupewa leseni ya utangazaji. Haisemi kitu kuhusu mgombea anayekuja na kamera mbili na jenereta, anataka tu “kijana wangu mmoja akae kwenye bodi.” Alitujia mmoja wa namna hiyo, na kusema kweli vifaa vilikuwa vizuri. Mzee mmoja wa kikundi alimpokea kwa kahawa na tende, akamshukuru, akamwambia, “Bwana, wewe tusaidie kwa dua.” Wengine walinuna mwezi mzima. Mimi naona mzee alifanya sawa. Bodi iliyojaa wagombea ni sababu tosha ya mtu kuwapinga, na hata mkipita, mwaka wa uchaguzi mtajuta.

Watu huniuliza pia: serikali si ndiyo inayotoa leseni, si itatunyima ikitaka? Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema utangazaji una uhuru wa kuanzishwa, na utaratibu wa leseni uwe ule unaohitajika kusimamia mawimbi na usambazaji tu, tena uwe huru kutokana na udhibiti wa serikali, wa wanasiasa na wa wafanyabiashara. Mahakama ya Juu iliugusa uhuru huo wa msimamizi katika hukumu yake ya 29 Septemba 2014, kwenye kesi ya kuhamia dijitali. Hiyo ni sheria. Lakini tulishuhudia pia 30 Januari 2018, vituo vikubwa vilipozimwa siku Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, alipokula kiapo cha kuwa “rais wa wananchi” pale Uhuru Park, Nairobi. Nalitaja hili kwa jambo la kikazi: mkataba wenu na msambazaji useme nani anaruhusiwa kuwazima, kwa amri ya nani, na malipo ya siku za giza yanakuwaje.

Vipindi ndivyo vinavyoangusha wengi. Wiki ina saa 168. Hata ukirusha saa sita tu kwa siku, hizo ni 42 kwa wiki, na mwezi ukiisha unaanza tena. Kipindi cha nusu saa cha kuunda jahazi, ukikifanya kwa heshima yake, unamfuata fundi kuanzia mkuku hadi siku ya kushua. Chumvi ya baharini nayo inakula kamera, kwa hiyo tengeni pesa za matengenezo msije mkalia. Sharti la asilimia 40 ya maudhui ya ndani, linalowatesa watu wa Nairobi wenye tamthilia za kununua, kwetu si mzigo. Mzigo wetu ni kupata vya kutosha vya kurudia bila kuchosha. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni muda ambao watoto wanahesabiwa kuwa watazamaji, basi yasiyowafaa yakae nje yake, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina madaraja yake: GE (ya watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (kwa umri). Mkitangaza habari, kumbukeni mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi chini ya picha. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilishalidai hilo. Mkalimani huku visiwani si rahisi kumpata, mtafuteni mapema na mumlipe vizuri.

Haki za kazi za watu zisidharauliwe. Kila nyumba ya zamani ina kanda za tarabu na za mashairi, na mwenye nyumba atakupa kwa moyo mweupe, lakini kuwa na kanda si kumiliki wimbo. Tafuta mtunzi, au warithi wake, watie saini. Hata shairi alilokusomea malenga barazani, mwandikie karatasi. Malenga wetu ni watu wa haya, hawatakudai. Wajukuu zao watakudai.

Maombi yenyewe hayana mengi ya kusimulia: usajili wa shirika, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), mpango wa ufundi, mpango wa fedha wa miaka ya mbele, ratiba, wasifu wa watakaoendesha. Ada ya maombi hairudi hata ukikataliwa. CA ina ofisi Mombasa, na nawashauri mwende ana kwa ana mkiwa na rasimu kabla hamjawasilisha. Yuko afisa mmoja alituonyesha kasoro za bajeti kwa dakika chache, kasoro ambazo kwa barua pepe zingetuchukua majuma. Baada ya hapo jina lenu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka Ijumaa, na umma hupewa siku 30 za kutoa maoni au kupinga. Msikae kimya siku hizo. Nendeni misikitini, kwa wazee wa mitaa, kwa wavuvi, muwaombe waandike barua za kuunga mkono. Mwenye kupinga huwa na bidii. Rafiki husema “hilo lenu litapita” akalala.

Mkishapewa, kuna ada za kila mwaka, na kuna muda wa kuanza kurusha. Leseni inayokaa kabatini inaweza kufutwa. Hapa ndipo ninaporudia yale ya mwanzo kwa wale walioniudhikia: aliyepata karatasi kabla ya mnara na vipindi huanza kukimbizana na kalenda siku ile ile anayofurahia.

Wakati wa kungoja, pelekeni vipindi kwenye chaneli ya watu. Kikundi chetu kilifanya hivyo, na malipo yake madogo ndiyo yaliyolipia antena na mafuta ya mashua. Ila someni mkataba. Tuliletewa mmoja wenye kifungu kinachompa mwenye chaneli umiliki wa picha zote, pamoja na zile ghafi ambazo hazikutumika. Tulikikata kwa kalamu, tukamruhusu kurusha kila kipindi mara mbili, picha zikabaki zetu. Alinung'unika, akatia saini.