Sensa ya paladiamu kwenye chumba cha kuchajia betri

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza kama sensa ya nyaya nano za paladiamu, yaani nyaya nyembamba mno za metali hiyo zinazogundua gesi ya hidrojeni, itakufaa kwenye chumba unachochajia betri za asidi, ambazo hutoa gesi hiyo zikichajiwa, na inavyofanya kazi. Itakufaa, ila usiitegemee peke yake.

Molekuli ya hidrojeni ikigusa paladiamu hugawanyika kuwa atomu mbili, kisha atomu hizo zikapenya ndani ya metali. Waya ukiwa mzima, ukinzani wake wa umeme hupanda. Ukiwa na nyufa ndogo mno, metali huvimba, nyufa zikajifunga, na ukinzani hushuka ghafla. Ndivyo zilivyofanya sensa za kina Reginald Penner, mwanakemia wa California, mwaka 2001. Kwa vile waya ni mwembamba, atomu hazina safari ndefu, na sensa huitikia upesi.

Muulize muuzaji inavyostahimili unyevu, maana mvuke wa maji huichelewesha, na hewa ya Kisumu unaijua. Moshi wa jenereta pia huidhoofisha kwa sababu ya monoksidi ya kaboni.

Ifunge karibu na dari. Hidrojeni ni nyepesi, hupanda, na haina rangi wala harufu. Hewani hushika moto kuanzia 4%, kwa hiyo weka king'ora kilie ikifika 1%. Na tafadhali, toboa matundu ya hewa juu ukutani leo, kabla sensa haijafika. King'ora kikilia, usiguse swichi yoyote mle ndani: toka, acha mlango wazi, ukate umeme ukiwa nje.